Sauti Imekatikia Wapi?

Kifaa cha kwanza ambacho daktari wa masikio huchomoa mfukoni hakina betri wala waya. Ni uma wa chuma wenye meno mawili. Anaugonga kwenye kiwiko au goti lake, nao unatetemeka mara 512 kwa sekunde na kutoa mlio mmoja safi. Anausogeza mbele ya sikio la mgonjwa, kisha anakandamiza kitako chake kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio hilohilo. Swali ni moja tu: "Umesikia zaidi wapi, mbele au nyuma?"

Mwenye sikio zima hujibu mbele. Anayejibu nyuma ameshamwambia daktari jambo kubwa: njia ya hewa ina kizuizi, lakini sauti ikipitia kwenye mfupa inafika, kwa hiyo sikio la ndani li hai. Kipimo hiki kilielezwa na Mjerumani Heinrich Adolf Rinne mwaka 1855, na katika zahanati isiyo na umeme bado kinafanya kazi ileile. Kina mtego wake. Sikio lililokufa kabisa nalo huweza kujibu "nyuma", kwa sababu fuvu limeupeleka mlio hadi sikio la pili. Ndiyo maana uma huwekwa pia katikati ya paji la uso. Mwenye kizuizi cha njia atasikia mlio upande wa sikio bovu. Aliyeharibikiwa ndani atausikia upande wa sikio zima.

Msomaji asiyeamini azibe sikio moja kwa kidole, afumbe mdomo, kisha avumishe "mmm". Sauti itahamia upande ulioziba.

Familia inapompeleka mgonjwa asiyesikia hospitalini, jambo la kwanza inaloomba ni dawa. Daktari hana dawa ya kutosikia, kwa sababu kutosikia si ugonjwa mmoja. Anachotafuta kwanza ni mahali sauti ilipokatikia, na mahali hapo ndipo panapoamua kama mgonjwa atarudi nyumbani na matone ya wiki mbili, ataingia chumba cha upasuaji, atavaa kifaa maisha yake yote, au ataanza kujifunza lugha ya alama. Shirika la Afya Duniani lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2021 kwamba watu zaidi ya bilioni 1.5 wana upungufu wa usikivu wa kiwango fulani, na kati yao milioni 430 wanahitaji huduma. Kwa watoto, shirika hilo linasema asilimia 60 ya uziwi ingeweza kuzuiwa. Hii asilimia 60 ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa karibu.

Njia yenyewe ya sauti ni fupi. Sauti huingia kwenye tundu la sikio, lenye urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, na kugonga ngoma ya sikio, ambayo ni utando mwembamba. Ngoma husukuma vifupa vitatu vilivyoshikana: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku, chenye milimita tatu hivi, ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini, nacho hupiga kwenye dirisha la koklea, mrija wa mfupa uliojisokota na kujaa majimaji. Humo mna seli zenye vinyweleo, kiasi cha 15,000 kwa kila sikio. Majimaji yakitikisika vinyweleo hupinda, na seli hugeuza mtikisiko huo kuwa umeme ambao neva huupeleka kwenye ubongo. Hitilafu ikiwa kabla ya koklea, huo ni uziwi wa upitishaji. Ikiwa katika koklea au neva, ni uziwi wa neva. Wako wenye vyote viwili, nao huhesabiwa kuwa na uziwi mchanganyiko.

Tuanzie mlangoni, kwenye nta. Nta si uchafu. Sikio huitengeneza ili kulinda ngozi ya tundu na kunasa vumbi, kisha huisukuma nje lenyewe. Matatizo huanza pale mtu anapoamua kulisaidia kwa kijiti cha pamba, njiti ya kiberiti, kifuniko cha kalamu, ufunguo au unyoya wa kuku. Kila anapochokonoa, kidogo hutoka na kingi husindiliwa ndani mpaka tundu linaziba. Tiba yake ni rahisi: matone ya kulainisha kwa siku kadhaa, kisha mhudumu aliyefunzwa huiosha kwa maji yenye joto la mwili. Maji ya baridi humpa mgonjwa kizunguzungu cha kumlaza chini. Sikio lenye tundu kwenye ngoma halioshwi kwa maji, na ndiyo maana mtu hukaguliwa kwanza. Vivyo hivyo, mtoto aliyejitia punje ya haragwe sikioni asimiminiwe maji, kwani haragwe litavimba na kubana zaidi. Mdudu aliye hai, tofauti na haragwe, huuawa kwanza kwa mafuta kidogo, maadamu ngoma haina tundu, ndipo atolewe.

Kofi nalo lina sehemu yake. Kiganja kinapolipiga sikio barabara, hewa iliyobanwa tunduni huweza kuipasua ngoma papo hapo. Bahati nzuri ni kwamba ngoma nyingi zilizopasuka hivyo huziba zenyewe ndani ya wiki au miezi michache, mradi sikio likae kavu na lisitiwe kitu. Mzazi au mwalimu mwenye mkono mwepesi hana habari kwamba bahati hiyo haipo kila mara.

Lakini kama kuna hali moja ya sikio ambayo Afrika Mashariki imeizoea kupita kiasi, ni usaha. Mtoto anapata mafua. Vijidudu vinapanda kwa mrija unaounganisha koo na sikio la kati, ambao kwa mtoto ni mfupi na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima. Sikio linauma usiku kucha. Alfajiri maumivu yanapoa ghafla na mto umelowa. Kumbe maumivu yamepoa kwa sababu ngoma imetoboka. Mama anafurahi kwamba mwana amelala. Usaha ukiendelea kwa wiki mbili au zaidi, wahudumu wa afya huuita maambukizi sugu, na majirani husema ataacha akikua. Hapo ndipo huanza kutiwa mafuta ya nazi, maziwa ya mama, majivu, maji ya kitunguu.

Tiba ambayo miongozo ya Shirika la Afya Duniani inawafundisha wahudumu wa zahanati ni rahisi kiasi kwamba watu huidharau. Kitambaa safi cha pamba au karatasi laini yenye nguvu husokotwa kuwa utambi, huingizwa taratibu sikioni, huachwa unyonye, hutolewa, huingizwa mwingine, mpaka utoke mkavu. Hufanywa mara tatu kwa siku. Sikio likishakauka hutiwa matone ya siprofloksasini au dawa ya jamii hiyo kwa wiki mbili. Utambi ukirukwa, dawa huelea juu ya usaha na haifiki panapotakiwa. Vidonge vya antibiotiki, ambavyo ndivyo wengi hukimbilia dukani, havifanyi vizuri kama matone kwa usaha uliokwisha kuwa sugu. Na matone ya gentamisini, yanayopatikana kwa bei ya chini, hayafai kutiwa kiholela kwenye sikio lenye tundu, kwa sababu yakipenya ndani yanaweza kuidhuru koklea. Kwa hiyo mtu anaweza kuingia dukani na uziwi unaotibika akatoka na ule usiotibika.

Uziwi wa upitishaji peke yake hauzidi desibeli 60 hivi, kwa sababu sauti kubwa hufika koklea kwa njia ya mfupa. Hii ni habari njema kwa daktari, lakini shuleni huleta udanganyifu. Mtoto mwenye masikio mawili yanayotoa usaha anaitika akiitwa kwa nguvu, anageuka honi ikipigwa, basi mwalimu anahitimisha kwamba anasikia. Anachokosa ni maneno ya mwalimu anayezungumza huku ameuelekea ubao. Anaitwa mzito, mtukutu, asiye makini. Akifika darasa la nne ameshayaamini majina hayo.

Tundu lisiloziba kwa dawa huzibwa kwa upasuaji, kwa kipande cha utando kinachochukuliwa kutoka kwa mgonjwa mwenyewe, mara nyingi juu ya sikio. Kuna usaha mwingine, haba lakini wenye uvundo wa pekee, unaotokana na ngozi iliyoota ndani ya sikio la kati, mahali isipopaswa kuwa. Ngozi hiyo hula mfupa. Huvila vile vifupa vitatu, huweza kuijeruhi neva ya uso hadi mdomo ukaenda upande, na ikiachwa hufungua njia ya jipu la ubongo. Hakuna tone wala sindano inayoiponya. Ni upasuaji tu. Wazungu wana ugonjwa wao wa upitishaji, kikuku kuota mfupa na kukwama, ambao kwa Waafrika ni nadra. John Shea wa Memphis, Marekani, aliufungulia njia ya tiba mwaka 1956 alipokitoa kikuku kilichokwama na kuweka cha bandia.

Tukivuka dirisha la koklea, mambo hubadilika. Seli zenye vinyweleo hazizaliwi upya. Samaki na ndege huotesha nyingine zikifa. Binadamu hapewi za akiba. Ndiyo sababu uziwi wa neva haurudishwi kwa matone, na ndiyo sababu kinachofaa kujadiliwa zaidi ni nani anayeziua.

Wa kwanza ni kelele. Eneo la Kamukunji jijini Nairobi, mafundi wa jua kali hukaa bega kwa bega wakigonga mabati kuwa masanduku ya wanafunzi wa bweni, karai na majiko. Nyundo juu ya bati tupu hutoa mlio mkali wa ghafla, na fundi hapati mlio wa nyundo yake tu bali na wa jirani zake wote, kutwa, miaka nenda miaka rudi. Wataalamu wengi huweka kikomo cha kazi kuwa desibeli 85 kwa saa nane. Kila desibeli tatu zikiongezeka, nguvu ya sauti huwa maradufu na muda salama hupungua nusu: 88 kwa saa nne, 91 kwa saa mbili, 100 kwa robo saa tu. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele kazini zinaruhusu desibeli 90 kwa saa nane. Desibeli tano hizo za ziada zinaonekana chache kwenye karatasi, ila maana yake ni nguvu ya sauti zaidi ya mara tatu ya ile ya 85. Kanuni hiyo yafaa kuandikwa upya.

Bila kifaa cha kupimia kuna kanuni ya haraka: ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mita moja akusikie, hapo si mahali salama. Kipimo hicho kinatosha kwa matatu yenye spika chini ya viti, kwa mashine ya kusaga, kwa muziki wa kigodoro wa uswahilini na kwa hedifoni zinazosikika na abiria wa kiti cha jirani. Seli za koklea huumia namna nyasi zinavyoumia. Zikikanyagwa siku moja hulala, kesho yake zikainuka. Zikikanyagwa kila siku, panabaki njia tupu. Mtu anayetoka kwenye dansi masikio yakivuma na kesho akawa sawa ameona nyasi zikiinuka. Pamba ya kawaida iliyosokotwa sikioni, ambayo mafundi wengi huitumaini, huzuia kelele kidogo mno. Vizibo halisi vya sponji vikiingizwa sawasawa hupunguza desibeli 15 hadi 30, na ni kifaa cha bei ndogo.

Hasara ya kelele huanzia kwenye sauti nyembamba, karibu na mitetemo 4,000 kwa sekunde. Kwenye chati ya kipimo cha usikivu huonekana kama shimo moja lililochimbika upande wa kulia. Fundi hajui lolote wakati huo, kwa sababu mazungumzo mengi bado anayapata. Anapogundua, shimo limeshapanuka.

Wa pili ni dawa, na hapa historia ya ukanda huu ina ukurasa mzito. Streptomaisini iligunduliwa mwaka 1943 katika Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, na ikawa dawa ya kwanza iliyokiweza kifua kikuu. Haikuchukua muda ikaonekana kwamba inaharibu mizani ya mwili na usikivu. Ndugu zake, kanamaisini, amikasini na gentamisini, zina tabia hiyohiyo: huingia kwenye majimaji ya koklea, hukaa humo muda mrefu na kuziua seli, zikianza na zile za sauti nyembamba. Kwa mgonjwa wa kifua kikuu sugu, matibabu ya zamani yalidai sindano ya kila siku kwa miezi, na miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2011 ilitaja miezi minane. Katika Hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha mkoani Kilimanjaro, inayotibu kifua kikuu sugu nchini Tanzania, na katika vituo vya aina hiyo kote duniani, madaktari walikuwa na mizani isiyo na upande mwepesi: uhai au masikio. Wagonjwa wengi walipona mapafu wakatoka viziwi.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba kanamaisini na kapreomaisini zisitumike tena kwa kifua kikuu sugu, na vidonge, bedakwilini ikiwa mbele, vikachukua nafasi ya sindano. Ni mojawapo ya hatua kubwa za kuzuia uziwi katika muongo ule, ingawa haikusemwa sana kwa jina hilo. Gentamisini yenyewe haijaondoka. Bado huokoa watoto wachanga wenye maambukizi ya damu, na haina budi kutumika. Kinachotakiwa ni kipimo sahihi kwa uzito wa mtoto, siku zisizozidi, na kupimwa masikio baadaye. Wapo pia watu wachache waliorithi kwa mama zao badiliko dogo la jeni ambalo hufanya hata dozi ya kawaida iwe ya kuua koklea. Kwa hiyo mgonjwa yeyote anayeulizwa kama katika ukoo wa mama yake kuna aliyekuwa kiziwi baada ya sindano asidhani anaulizwa porojo. Kwinini nayo huvumisha masikio, jambo ambalo wazee waliougua malaria zamani wanalikumbuka vizuri, lakini hiyo mara nyingi hutulia dawa ikiisha.

Wa tatu ni maradhi ya utotoni na ya ujauzito. Homa ya uti wa mgongo hupiga masikio yote mawili kwa siku chache. Surua na matubwitubwi vina mchango wao. Rubela kwa mama mjamzito ni vipele vya siku tatu asivyovikumbuka, na kwa mtoto aliye tumboni ni uziwi, mtoto wa jicho na moyo wenye kasoro. Chanjo ya surua na rubela iliingia katika ratiba ya Tanzania mwaka 2014, na Kenya ikafuata mwaka 2016. Ile ya nimonia, inayozuia pia sehemu ya homa ya uti wa mgongo, ilianza Kenya mwaka 2011 na Tanzania mwaka 2013. Mama anayepanga foleni kliniki na kadi mkononi anachanjia na masikio, hata kama hakuna aliyemwambia. Kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kuzaliwa njiti na manjano makali ya siku za mwanzo hukamilisha orodha. Manjano yana ukatili wake: huweza kuiacha koklea ikiwa nzima na kuiharibu neva, mtoto akawa anasikia sauti lakini haziundi maneno.

Kisha kuna umri. Zaidi ya robo ya watu waliopita miaka 60 wana upungufu mkubwa wa usikivu, na kwao pia sauti nyembamba ndizo hutangulia kuondoka. Irabu za Kiswahili ni nzito na zina nguvu, kwa hiyo bibi huzisikia. Konsonanti kama s, f, t na k ni nyepesi, nazo ndizo hupotea. Akiambiwa "saa" anaweza kupata "taa" au "kaa", akajibu la taa, na wajukuu wakacheka. Analalamika kwamba watu wa siku hizi wanatafuna maneno. Mjukuu anapaza sauti, na bibi aliyesema "Sema kwa nguvu, mjukuu wangu" anageuka kusema "Mbona wanipigia kelele?" Hakuna ukaidi hapo. Koklea iliyozeeka haisikii sauti ndogo, na sauti kubwa huiona kubwa kupita kiasi. Nafasi kati ya hizo mbili imekuwa nyembamba. Njia bora ya kumsemesha ni kumkaribia, kumtazama usoni, kusema polepole na kuzima redio. Utafiti wa miaka ya karibuni umeuweka upungufu wa usikivu wa umri wa makamo miongoni mwa sababu kubwa zinazozuilika za ugonjwa wa kusahau uzeeni, kwa hiyo si suala la adabu ya mazungumzo tu.

Kuna uziwi mmoja wa neva ambao ni dharura. Mtu mzima analala salama, anaamka sikio moja limekufa, pengine na kizunguzungu. Wengi husubiri wakidhani ni nta au mafua. Huyu anatakiwa amwone daktari siku hiyohiyo, kwani dawa za jamii ya steroidi husaidia zaidi zikianza mapema, na baada ya wiki mbili nafasi hupungua sana. Ukimpa mtu huyo matone ya nta unamnyima siku zake chache.

Kwa wengine wenye uziwi wa neva, msaada mkuu ni shimesikio, kifaa kinachovaliwa sikioni na kukuza sauti. Hakirudishi seli, hukuza sauti kwa ajili ya zile zilizobaki, zaidi pale zilipopungua zaidi. Ndiyo maana shimesikio la kuokota, lisilorekebishwa kwa chati ya mvaaji, huishia kabatini. Betri zake ndogo huanza kufanya kazi pindi kibandiko chake kinapobanduliwa na hewa ikaingia, hata kama kifaa kimezimwa, na hudumu wiki moja au mbili. Kwa anayeishi Sikonge, Tanzania, au Lodwar, Kenya, betri hiyo ndogo ni safari ya mjini. Mtoto anakua na sikio lake linakua, hivyo kizibo kinachoshikilia kifaa hubadilishwa kila baada ya miezi michache, la sivyo hupiga filimbi. Mpango wowote wa msaada unaogawa vifaa vingi kwa siku moja na kuondoka bila kuacha betri, vizibo na fundi, umegawa mapambo. Duniani, chini ya mtu mmoja kati ya watano wanaohitaji kifaa hiki ndiye anayekitumia.

Pale seli zilipokwisha kabisa, shimesikio halina cha kukuzia. Hapo huja kipandikizi cha koklea: kipokezi chini ya ngozi, waya mwembamba wenye elektrodi unaosokotwa ndani ya koklea na kuichochea neva moja kwa moja, na kifaa cha nje kinachonasa sauti. Kazi ya Wafaransa André Djourno na Charles Eyriès mwaka 1957, kisha ya William House Marekani na Graeme Clark Australia, ndiyo iliyofikisha jambo hili hapa. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza upandikizaji huo mwaka 2017. Kabla ya hapo watoto wa Kitanzania walipelekwa India. Gharama yake bado ni ya makumi ya mamilioni ya shilingi za Tanzania kwa mtoto mmoja, na upasuaji ni mwanzo tu. Mtoto lazima afundishwe kusikia kwa miaka, na hufaidi zaidi akiwahi, kabla ya mwaka wa tatu ikiwezekana. Kwa aliyeugua homa ya uti wa mgongo haraka ni kubwa zaidi, maana koklea huweza kujaa mfupa ndani ya wiki na waya ukakosa pa kupita. Mtu mzima aliyezaliwa kiziwi hapati faida hiyohiyo, na si haki kumwahidi. Mwaka 2024 madaktari wa Shanghai waliripoti watoto waliozaliwa viziwi kwa hitilafu ya jeni moja, ile ya otoferlini, wakaanza kusikia baada ya kupewa jeni nzima ndani ya sikio. Ni habari ya kweli na ya kufurahisha, lakini inahusu aina hiyo moja tu, iliyo nadra.

Lugha ya alama haipaswi kuorodheshwa mwisho kana kwamba ni ya walioshindwa. Ubongo wa mtoto unahitaji lugha kamili katika miaka ya mwanzo, uipate kwa sikio au kwa jicho. Familia inayosubiri kifaa kwa miaka mitano bila kumpa mtoto lugha yoyote imempa hasara ya pili iliyo kubwa kuliko ya kwanza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeitaja Lugha ya Alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, sawa na Kiswahili na Kiingereza. Tanzania ina shule za viziwi tangu ile ya Tabora ya mwaka 1963. Mzazi anayejifunza alama mia moja za nyumbani hamzuii mwanawe kusema. Anampa cha kusemea.

Yote haya hutegemea kugundua mapema, na hapo ndipo ukanda huu unapokwama. Katika nchi nyingi za kipato cha chini hakuna hata daktari bingwa mmoja wa masikio, pua na koo kwa kila watu milioni moja, na wataalamu wa vipimo vya usikivu ni wachache zaidi. Mtoto kiziwi hulia, hucheka na kutoa visauti katika miezi ya mwanzo kama wengine, kwa hiyo wazazi hawashtuki mpaka mwaka wa pili au wa tatu anapokawia kusema, na hata hapo wataambiwa kwamba baba yake naye alichelewa. Kipimo kipo, na msingi wake ni ugunduzi wa David Kemp wa London mwaka 1978 kwamba koklea yenye afya hutoa mlio wake wenyewe mdogo. Kizibo laini huwekwa sikioni mwa mtoto aliyelala, na dakika chache baadaye mashine inajibu. Kiwango kinachofuatwa na nchi zenye mpango ni kumpima mtoto kabla ya mwezi mmoja, kuthibitisha kabla ya miezi mitatu na kuanza huduma kabla ya miezi sita.

Mpaka mashine hiyo ifike kila wodi ya wazazi, mama asisubiri kutangaziwa. Mtoto aliyezaliwa njiti, aliyechelewa kulia, aliyepata manjano makali, aliyechomwa gentamisini au aliyeugua homa ya uti wa mgongo apelekwe kupimwa masikio hata kama anaonekana mzima. Mwenye miezi mitatu asiyeshtuka sufuria ikianguka nyuma yake apelekwe pia. Na kwenye hudhurio lijalo la kliniki, baada ya mizani na sindano, mama aulize swali moja ambalo halimo kwenye kadi nyingi: masikio yake yamepimwa?